Pombe ya abiria melini

Pombe ya abiria melini ni mvinyo, bia au pombe kali ambayo msafiri hupanda nayo meli kwa matumizi yake mwenyewe, badala ya kuinunua katika baa ya meli hiyo. Kampuni nyingi za meli za abiria zina kanuni kuhusu jambo hili, lakini kanuni hizo hazifanani. Katika meli kubwa za kitalii za baharini swali kuu ni la biashara: nani anauza kinywaji, na kwa bei gani. Katika meli na maboti ya Ziwa Tanganyika, ambako Kigoma ni bandari kuu ya upande wa Tanzania, maswali mazito zaidi ni usalama wa abiria na ushuru wa forodha, kwa kuwa ziwa hilo linagawanywa na nchi nne.

Sababu za kanuni

Kanuni kuhusu pombe ya abiria zina sababu tatu za msingi.

Ya kwanza ni mapato. Meli yenye baa hutegemea mauzo ya vinywaji kama sehemu ya mapato yake. Abiria anayekuja na kreti yake ya bia hanunui bia ya meli.

Ya pili ni usalama. Mtu aliyelewa huanguka kwa urahisi kwenye ngazi nyembamba na kwenye sitaha yenye maji. Kama meli ikipata ajali, yeye ni mzito kuelewa maagizo, kuvaa jaketi la kuokolea na kusaidia watoto au wazee walio karibu naye. Baa inayosimamiwa inaweza kukataa kumuuzia mtu aliyezidisha. Chupa iliyo ndani ya begi haina msimamizi.

Ya tatu ni forodha. Pombe hutozwa kodi kubwa katika nchi nyingi, na meli inayovuka mpaka ni njia rahisi ya kuipitisha bila kulipa. Kwa hiyo maofisa wa forodha hutofautisha pombe ya kunywa safarini, pombe ya zawadi na pombe ya kuuza.

Aina ya kinywaji nayo ina uzito wake. Chupa ya mililita 750 ya mvinyo wenye alkoholi asilimia 12 ina mililita 90 za alkoholi halisi. Chupa ya ukubwa huohuo ya Konyagi, pombe kali ya Tanzania yenye alkoholi asilimia 35, ina zaidi ya mililita 260, yaani karibu mara tatu. Chupa ya nusu lita ya bia yenye asilimia 5 ina mililita 25 tu. Ndiyo maana kampuni nyingi huruhusu mvinyo kidogo huku zikikataa pombe kali kabisa. Bia hukataliwa mara nyingi kwa sababu nyingine: inachukua nafasi kubwa, na ndiyo inayouzwa sana katika baa za meli.

Meli za kitalii za baharini

Meli za kitalii ni hoteli zinazoelea. Nauli hujumuisha chumba na chakula, lakini katika kampuni nyingi pombe hulipiwa kando, kwa glasi au kwa fungu la vinywaji linalonunuliwa kwa siku zote za safari. Kwa sababu hiyo kampuni hizo hulinda baa zao kwa kanuni kali.

Kanuni iliyoenea katika kampuni kubwa za Marekani, kama vile Carnival na Royal Caribbean, ni kwamba abiria mtu mzima anaweza kupanda na chupa moja ya mvinyo au shampeni ya mililita 750 siku ya kwanza ya safari. Chupa hiyo hubebwa mkononi na haiwekwi katika mizigo mikubwa. Umri unaohitajika kwa kawaida ni miaka 21, ambao ni umri wa kunywa pombe nchini Marekani. Bia na pombe kali haziruhusiwi. Kampuni hubadilisha kanuni zake mara kwa mara, kwa hiyo sharti linalotumika ni lile lililoandikwa katika masharti ya tiketi ya safari husika.

Katika baadhi ya meli, abiria akitaka kunywa mvinyo wake katika chumba cha chakula badala ya chumbani kwake, hutozwa ada ya kufunguliwa chupa. Ada hiyo hutozwa pia katika hoteli na migahawa ya nchi kavu. Ni malipo kwa glasi, kwa huduma ya mhudumu, na kwa mauzo ambayo mgahawa umeyakosa.

Pombe inayonunuliwa bandarini wakati wa safari, au katika duka lisilo na ushuru lililomo melini, mara nyingi hupokewa na wafanyakazi mlangoni, hupewa stakabadhi na kuhifadhiwa stoo. Mwenyewe hurudishiwa siku ya mwisho au usiku wa kuamkia siku hiyo. Mtalii anayeshuka Mombasa au Zanzibar na kurudi na chupa ya pombe anaweza kukutana na utaratibu huu.

Abiria wengine hujaribu kukwepa kanuni kwa kumimina pombe kali katika chupa za maji au za dawa ya kusukutua mdomo. Kampuni hujibu kwa kupitisha mizigo katika mashine za eksirei na kukagua vifuniko vya chupa. Mnamo Julai 2015 Carnival ilizuia abiria kupanda na vinywaji vya chupa vya aina yoyote isiyo mvinyo ulioruhusiwa, hata maji na soda, na ikaruhusu idadi ndogo ya makopo. Pombe iliyofichwa ikigunduliwa kwa kawaida hutwaliwa.

Kanuni si kali kila mahali. Baadhi ya meli za kitalii za mito ya Ulaya, kama Rhine na Danube, huwaachia abiria kununua mvinyo katika vijiji wanavyopitia na kuunywa melini. Kwa upande mwingine, katika nchi kama Kuwait uingizaji wa pombe umepigwa marufuku kabisa, na msafiri hawezi kushuka nayo nchi kavu hata kama meli yenyewe inaiuza.

Ziwa Tanganyika

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na linapakana na Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Bandari zake kubwa ni Kigoma, Kalemie, Uvira, Bujumbura na Mpulungu. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mji huo umekuwa mahali ambapo shehena na abiria hutoka kwenye treni na kuingia majini.

Manispaa ya Kigoma-Ujiji ina njia mbili kuu za kuingia ziwani. Bandari ya Kigoma hupokea meli. Kibirizi, kaskazini ya katikati ya mji, ni mwalo wa maboti ya mbao yenye injini yanayokwenda vijiji vya mwambao hadi karibu na mpaka wa Burundi. Abiria anayetoka katika kata za manispaa hiyo, kama Katubuka, Gungu au Mwanga, huchagua mojawapo kufuatana na anakokwenda na uwezo wake wa kulipa. Njia hizi mbili hazifanani hata kidogo katika suala la pombe: meli kubwa inaweza kuwa na baa, lakini boti halina, na kila kinywaji kilichomo kimeletwa na abiria au kinasafirishwa kama mzigo.

MV Liemba

Meli mashuhuri zaidi ya ziwa hili ni MV Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ilisafirishwa kwa vipande hadi Dar es Salaam, ikapelekwa Kigoma kwa reli na kuunganishwa huko. Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915. Mnamo Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isitekwe, baada ya kupaka injini zake grisi. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ambalo David Livingstone alilirekodi kuwa jina la sehemu ya kusini ya ziwa.

Kwa miongo mingi Liemba ilisafiri kati ya Kigoma na Mpulungu, safari ya siku mbili hivi kwa kila upande. Ilikuwa na vyumba vya daraja la kwanza na la pili, nafasi za daraja la tatu, mgahawa, na baa iliyouza bia na soda. Uwezo wake ulikuwa abiria 600 hivi. Abiria wengi wa daraja la tatu walisafiri na chakula chao wenyewe. Hapakuwa na fungu la vinywaji la kununuliwa pamoja na tiketi kama katika meli za kitalii. Katika miaka ya 2020 meli hiyo imesimama kwa muda mrefu ikihitaji ukarabati mkubwa, na wasafiri wengi wa mwambao wamebaki na maboti ya mbao.

Kupanda na kushuka bila gati

Vituo vingi vya Liemba upande wa Tanzania, miongoni mwao Lagosa, Karema, Ikola, Kipili na Kirando, vilihudumiwa bila meli kufunga gatini. Meli ilisimama mbali na ufuko na kupiga honi, kisha maboti yalitoka kijijini yakiwa yamejaa watu, magunia ya dagaa na mchele, kuku na mananasi. Abiria walipanda na kushuka ubavuni mwa meli huku boti likipanda na kushuka na mawimbi, mara nyingi usiku.

Katika hali hiyo ulevi una hatari ambayo haipo kwa mtalii anayepita daraja pana la bandari ya kisasa. Anayeshuka anahitaji mikono yote miwili, macho na mizani ya mwili. Akikosea hatua, huweza kuanguka kati ya boti na ubavu wa meli, au kumwangukia mtu aliyebeba mtoto. Kati ya Mei na Septemba pepo za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na kuongeza mawimbi, hasa katika sehemu ya kusini ya ziwa.

Vinywaji vya ukanda

Kila nchi ya ziwa ina bia yake. Kiwanda cha Brarudi cha Bujumbura hutengeneza Primus na Amstel, Kongo ina Primus yake na Simba, Zambia ina Mosi, na Tanzania ina Kilimanjaro, Safari na Serengeti, miongoni mwa nyingine. Mvinyo wa Tanzania hutoka hasa Dodoma, mji uliopo kwenye Reli ya Kati, kwa hiyo msafiri wa treni kwenda Kigoma hupita katika eneo zinakolimwa zabibu.

Kuna pia pombe za kienyeji. Pombe ya ndizi huitwa urwarwa nchini Burundi na kasiksi mashariki mwa Kongo. Pombe hizi huendelea kuchachuka zikiwa katika dumu, na hewa inayotoka huongeza msukumo ndani yake. Dumu lililofungwa kwa nguvu na kukaa juani linaweza kuvimba na kupasuka, jambo linalowafanya wabebaji walegeze kifuniko na hivyo kumwaga pombe juu ya mizigo ya wengine.

Kundi la tatu ni pombe kali zisizo rasmi: gongo nchini Tanzania, lutuku nchini Kongo na kanyanga nchini Burundi. Mnywaji hawezi kujua kiasi chake cha alkoholi kwa kuiangalia, na pombe iliyochanganywa na methanoli huua au kupofusha. Nchini Kenya, mnamo Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa baada ya kunywa pombe yenye methanoli katika mitaa duni ya Nairobi. Mtu anayepatwa na sumu ya aina hiyo katikati ya ziwa anaweza kuwa saa nyingi mbali na hospitali.

Historia

Shampeni ya Ujiji

Habari mojawapo maarufu kuhusu msafiri na chupa yake mwenyewe katika Afrika ya Mashariki ilitokea Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone, aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 na kufika Ujiji mwezi Novemba mwaka huohuo, kwa mujibu wa tarehe alizoandika mwenyewe. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 alieleza kwamba alikuwa ameihifadhi chupa ya shampeni ya Sillery kwa ajili ya siku hiyo. Baada ya kukutana na Livingstone alimwagiza mtumishi wake Selim ailete pamoja na vikombe vya fedha. Chupa hiyo ilikuwa imebebwa na wapagazi kwa miguu kutoka pwani, safari ya zaidi ya miezi saba. Ujiji wakati huo ulikuwa mji wa biashara wenye Waarabu na Waswahili wengi, yaani mji wa Waislamu, na mvinyo wa Ulaya haukuwa kitu cha kawaida sokoni.

Mikataba ya kimataifa na ukoloni

Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels kujadili biashara ya watumwa yalikubaliana pia kudhibiti uingizaji wa pombe kali katika eneo la Afrika lililo kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Ziwa Tanganyika lote limo ndani ya eneo hilo. Mkataba mwingine wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 uliongeza makatazo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, masharti ya udhamini yaliitaka idhibiti vikali uuzaji wa pombe kali.

Makatazo hayo yalilenga Waafrika. Wazungu waliruhusiwa kuagiza na kunywa pombe kali, na Mwafrika alizuiwa kisheria kwa sehemu kubwa ya kipindi cha ukoloni. Matokeo yake yalikuwa kwamba chupa ileile ya wiski ilikuwa halali katika sanduku la abiria Mzungu, na kosa katika mzigo wa abiria Mwafrika wa meli hiyohiyo. Makatazo ya aina hiyo yaliondolewa kabla ya uhuru wa mwaka 1961.

Pombe ya mabaharia

Katika meli za kivita swali lilihusu mabaharia. Jeshi la Majini la Uingereza liliwagawia mabaharia wake ramu kila siku hadi tarehe 31 Julai 1970. Jeshi la Majini la Marekani lilipiga marufuku pombe katika meli zake kuanzia tarehe 1 Julai 1914.

Kwa meli za biashara, mkataba wa kimataifa kuhusu mafunzo na zamu za mabaharia, uliorekebishwa Manila mwaka 2010, unaweka kikomo cha alkoholi cha asilimia 0.05 katika damu, au miligramu 0.25 kwa lita ya pumzi, kwa nahodha, maofisa na mabaharia wengine wanapotekeleza kazi za usalama. Mkataba huo hauwahusu abiria.

Sheria

Leseni ya kuuza

Kunywa pombe yako na kuiuza kwa wengine ni mambo mawili tofauti kisheria. Nchini Tanzania uuzaji wa vileo huhitaji leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Abiria anayefungua kreti yake na kuwauzia wenzake melini au botini hawezi kujitetea kwamba pombe ni mali yake. Kenya chini ya sheria yake ya zamani ilikuwa na aina maalumu ya leseni kwa ajili ya meli, na nyingine kwa mabehewa ya mgahawa ya treni. Sheria hiyo ilifutwa na sheria mpya ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe mtoto, yaani mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Katazo hilo linatumika melini kama linavyotumika mjini.

Pombe zilizokatazwa

Utengenezaji wa pombe ya moshi bila leseni ulikatazwa Tanzania kwa sheria ya mwaka 1966. Gongo kwa hiyo haiwi halali kwa sababu tu imebebwa kwa matumizi binafsi.

Tarehe 1 Machi 2017 Tanzania ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali iliyofungashwa katika pakiti ndogo za plastiki. Pakiti hizo zilikuwa rahisi, zilienea mfukoni na zilinunuliwa na vijana wengi, wakiwemo waendesha bodaboda. Kenya ilikuwa imezikataza mwaka 2004, na Uganda ilifuata mwaka 2019. Kwa usafiri wa majini marufuku hiyo ilikuwa na faida ya pekee, kwa kuwa kiroba ni chepesi kukificha kuliko chupa, na pakiti tupu hutupwa ziwani.

Forodha

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu msafiri aliyefikia umri wa miaka 18 kuingiza lita 1 ya pombe kali au lita 2 za mvinyo bila kulipa ushuru. Kinachozidi hapo hutakiwa kutajwa kwa ofisa wa forodha na kulipiwa. Burundi ilijiunga na jumuiya hiyo mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022. Zambia si mwanachama. Hivyo msafiri wa Mpulungu anatoka nje ya eneo la jumuiya, na kanuni za Zambia ndizo zinazotumika anaposhuka huko.

Akiba ya baa ya meli ina utaratibu wake. Bidhaa zisizolipiwa ushuru zinazokusudiwa kutumika safarini huweza kuwekwa katika stoo inayofungwa kwa lakiri ya forodha meli inapokuwa bandarini, ili zisiuzwe nchi kavu.

Usalama wa maisha

Shirika la Afya Duniani (WHO) linataja pombe miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kufa maji. Alkoholi hupunguza uwezo wa kukadiria umbali na hatari, huchelewesha mwitikio wa mwili na kuharibu uratibu wa viungo. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika ni ya uvuguvugu, karibu nyuzi 25 za sentigredi, hivyo mtu aliyeanguka haathiriwi na baridi haraka kama katika bahari za kaskazini. Nafasi yake ya kuishi hutegemea zaidi kama anaweza kuelea, kushika boya na kuita.

Afrika ya Mashariki imepoteza watu wengi katika ajali za majini: MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 katika Ziwa Viktoria, na MV Spice Islander I mwaka 2011 katika njia ya Unguja na Pemba. Kuzidisha abiria na mizigo ni jambo lililojitokeza katika ajali hizo. Katika dharura ya aina hiyo muda wa kutoka ni mfupi, na abiria aliyelala kwa ulevi huwa mzigo kwa wenzake.

Katika boti la mbao hatari ni kubwa zaidi. Boti dogo hutegemea watu kukaa mahali pao. Mtu mmoja akisimama ghafla, akiegemea ubavu au akianzisha ugomvi, uzito huhamia upande mmoja. Petroli ya akiba ya injini nayo huwekwa ndani ya boti, mara nyingi katika madumu, na mlevi mwenye sigara ni hatari kwa wote.

Dini na desturi

Wakazi wengi wa Ujiji na wa sehemu nyingine za mwambao ni Waislamu, ambao dini yao inakataza kileo. Katika daraja la tatu na katika maboti watu hukaa bega kwa bega, hula pamoja na kuswali wakiwa safarini. Kunywa waziwazi mbele ya wazee au karibu na wanaoswali huhesabiwa kuwa utovu wa adabu, hata pale ambapo hakuna kanuni iliyoandikwa. Madhehebu kadhaa ya Kikristo yaliyopo mkoani Kigoma, yakiwemo ya Kipentekoste na Waadventista Wasabato, nayo hukataza pombe.

Kwa upande mwingine, pombe ya ndizi au ya nafaka ni sehemu ya mahari, ya matanga na ya sherehe nyingine kwa jamii nyingi za Burundi, Buha na Kongo. Msafiri mwenye dumu anaweza kuwa anaipeleka arusini, bila nia ya kuonja hata tone njiani. Hii ni sababu mojawapo inayofanya katazo la jumla la kubeba pombe kuwa gumu kutekelezwa ziwani kuliko katazo la kunywa wakati wa safari.

Katika fasihi na filamu

Riwaya ya The African Queen ya C. S. Forester (1935), iliyofanywa filamu mwaka 1951, inahusu boti dogo na meli ya kivita ya Wajerumani katika ziwa la Afrika ya Kati wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Meli hiyo ya kubuni huhusishwa mara nyingi na Graf von Götzen. Katika hadithi hiyo Rose Sayer, dada wa mmisionari, anaimwaga mtoni jini yote ya Charlie Allnut, mwendeshaji wa boti, baada ya Allnut kulewa na kukataa kuendelea na safari.

Tazama pia

MV Liemba
Ziwa Tanganyika
Kigoma-Ujiji
Katubuka
Pombe
Mvinyo
Forodha